Puto la hali ya hewa na kioo cha ndege: jibu kwa msomaji wa Kongwa

"Shikamoo mzee. Mimi nafanya biashara ya alizeti na karanga hapa Kongwa, na karibu kila mwezi napanda ndege Dodoma kwenda Dar es Salaam kufuata malipo yangu. Mwanangu kanionyesha kwenye simu picha ya rubani wa Marekani, mkono una damu na kioo cha ndege kimepasuka kama cha daladala iliyopigwa jiwe. Wanasema kimegongwa na puto la kupimia hali ya hewa. Mzee, maputo hayo yanarushwa na huku kwetu? Yanaweza kuangusha ndege? Na jingine: mjomba wangu wa Ruvu aliokota shambani kiboksi cheupe chenye uzi mrefu na mpira uliochanika, kakiweka juu ya kabati hadi leo. Ndicho hicho? Hakina madhara?"

Marahaba mwanangu. Hiyo picha na mimi ilinifikia, tena mara nne kutoka kwa watu wanne. Nimerusha maputo miaka mingi kabla sijahamia upande wa kuwatabiria marubani, kwa hiyo swali lako limenikuta nimeshakaa pande zote mbili: nimekuwa mwenye kuachia uzi, na nimekuwa mwenye kumwambia rubani njia yake ikoje. Puto la Marekani na puto la mjomba wako ni ndugu lakini si pacha, na jibu lako limo katika tofauti yao.

Kwanza tukio lenyewe. Tarehe 16 Oktoba 2025 ndege ya United, safari namba 1093, Boeing 737 MAX 8, ilikuwa inatoka Denver kwenda Los Angeles na abiria 134. Ikiwa futi 36,000 juu ya jimbo la Utah, kitu kikagonga kioo cha mbele. Kioo kikajaa nyufa, chembe za glasi zikaruka ndani na kumchanachana rubani mkono. Wakashusha ndege hadi futi 26,000, wakageukia Salt Lake City, wakatua salama. Siku za mwanzo watu walibishana sana. Kuna waliosema kimondo, kuna waliosema kipande cha setilaiti kinachorudi duniani. Kisha kampuni moja ya California, WindBorne, ikajitokeza yenyewe na kusema huenda lilikuwa puto lao. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, NTSB, ikaingia kazini. Puto hilo, pamoja na mzigo wake wote, lilikuwa na uzito wa kilo 1.1 siku lilipoondoka ardhini.

Kilo moja na kitu. Ni kama pakiti ya sukari na kijiko juu yake. Ndiyo maana watu wanashangaa.

Kinachouma ni mwendo. Ndege ya jeti ikishafika juu huko inakwenda kama mita 235 kwa sekunde. Chukua ile hesabu ya kidato cha tatu, nusu ya uzito zidisha kwa mwendo mara mwendo, utapata juli kama 30,000. Kama juli hazikuambii kitu, fikiria bodaboda na dereva wake, jumla kilo 190, wanaingia ukutani kwa kilomita 65 kwa saa. Nguvu ni ileile. Ila bodaboda inaigawa nguvu hiyo kwenye tairi, kwenye uma wa mbele, kwenye taa na, Mungu apishie mbali, kwenye kifua cha mtu; mfuko mdogo wa mchanga, ambao puto lile lilibeba kama mzigo, unaipeleka yote mahali pasipozidi kiganja.

Hapa Kiswahili chetu kinanipa taabu, maana kimemwita ndege yule wa manyoya na kikaiita ndege hii ya chuma. Niruhusu nimwite wa kwanza "ndege wa manyoya" ili tusipotezane. Kanuni za utengenezaji zinadai kioo cha mbele cha ndege ya abiria kihimili kugongwa na ndege wa manyoya wa kilo 1.8 kwa mwendo wa safari. Jaribio hilo linafanywa kwa mzinga, na kuku aliyekwisha kufa ndiye risasi. Ukikokotoa nguvu yake, haipishani sana na ile ya puto la Utah. Sasa kwa nini kioo kikapasuka vile? Kwa sababu nyama kwa mwendo huo hutapakaa kama maji. Inapiga eneo pana na kumwagika pembeni. Kitu kilichoshikana hakimwagiki upesi hivyo. Uzito ni uleule, kishindo si kilekile. Ukipigwa kofi na ukapigwa ngumi na mtu mmoja utanielewa.

Na bado kioo kilifanya kazi yake. Watu wameangalia damu wakasahau hilo. Vioo vile vimeunganishwa kwa matabaka, glasi na plastiki na glasi tena, ili tabaka moja likivunjika jingine lizuie. Huko juu hewa ya ndani inasukuma kioo kuelekea nje kwa nguvu ambayo kwa kila mita ya mraba ni sawa na kubandika mzigo wa tani tano na ushee. Kioo cha United hakikutoboka, hewa haikutoroka, barakoa za abiria hazikuwa na sababu ya kudondoka. Kushusha ndege hadi futi 26,000 kulikuwa kwa ajili hiyo hiyo: ukishuka, tofauti ya hewa ya ndani na ya nje inapungua, na kioo kilichojeruhiwa kinapumzika kidogo.

Sasa njoo nikuonyeshe puto letu la kawaida, lile la mjomba.

Kibanda cha kujazia kina mlango mkubwa kuliko kibanda chenyewe, utadhani ni banda la trekta. Unaingia umevua pete, umevua saa, kucha umekata, maana mpira ule ukiukwaruza kidogo tu hautafika popote. Utapasukia kilomita kumi na wewe utabaki na kazi ya kurusha tena. Nguo ni pamba, kwa sababu gesi ni hidrojeni na cheche moja ya nguo ya nailoni inatosha kukuondolea nyusi. Mpira wenyewe unatoka kwenye mfuko ukiwa umelegea, laini, una unga mweupe kama uliopakwa mtoto baada ya kuoga. Unaufunga kwenye mdomo wa bomba, unafungua gesi polepole, na unasikia unavyopumua. Ukifika kimo cha mtu unaanza kuvuta kama mbuzi aliyeona majani ng'ambo ya uzio. Hapo unafunga shingo kwa uzi, unakunja, unafunga tena. Chini yake unaning'iniza mwavuli mdogo wa karatasi au plastiki, kisha uzi wa mita kama thelathini, na mwisho wa uzi ndipo kilipo kiboksi cheupe cha povu gumu ambacho sisi tunakiita radiosondi. Kinapima joto, unyevu, na kwa kufuata setilaiti kinajua kilipo, hivyo tunajua upepo. Vya siku hizi vina gramu themanini hadi mia na kidogo. Mayai mawili ya kuku wa kienyeji.

Kisha unasubiri simu. Mnara wa kuongozea ndege ukisema "achia", unatoka nje umelikumbatia kwa mkono mmoja, kiboksi kwenye mkono wa pili, unageuza mgongo kwa upepo, unaachia. Kila mara nilikuwa nafurahi, hata usiku wa manane nikiwa na malaria.

Nimesema usiku wa manane kwa makusudi. Dunia nzima inarusha kwa wakati mmoja, saa sita usiku na saa sita mchana za Greenwich, ili picha ya anga ipigwe kwa pamoja. Kwa saa zetu hizo zinaangukia saa tisa usiku na saa tisa alasiri, na puto lenyewe linaondoka kabla, kama saa nane na robo. Vituo vipo karibu 900, na kazi hii inafanyika tangu miaka ya 1930. Kwa mwaka ni mamia ya maelfu ya maputo.

Puto hilo linapanda mita tano kwa sekunde, mwendo wa baiskeli. Tuseme limeachiwa Dodoma, ambako uwanja wa ndege upo mita 1,119 juu ya bahari. Litatumia kama dakika 25 kufika futi 29,000, ambako ndege kubwa za safari ndefu zinaanzia. Kutoka hapo hadi futi 41,000, ambako karibu zote zinaishia, ni dakika 12. Basi. Baada ya hapo liko juu ya kila mtu, linavimba kadiri hewa inavyopungua, mpaka linakuwa pana kuliko chumba chako na sebule ukiziunganisha, na kwenye kilomita 30 au zaidi linapasuka. Kiboksi kinarudi na mwavuli wake, kinakatiza tena tabaka la ndege kwa dakika chache, kinaanguka shambani kwa mjomba.

Yaani puto la kawaida linavuka barabara. Kuvuka barabara kuna hatari yake, lakini mvukaji ana dakika zake na anajulikana anavukia wapi na saa ngapi.

Puto la Utah halikuwa linavuka. Aina ile imetengenezwa ili ikae angani siku nyingi, ikipanda na kushuka: inaachia gesi kidogo ikitaka kushuka, inamwaga mchanga kidogo ikitaka kupanda. Nia yao ni njema kabisa, wanataka vipimo kutoka juu ya bahari ambako hakuna kituo wala mtu wa kuachia uzi. Lakini kupanda na kushuka huko kuliwaweka muda mrefu katika kimo kilekile ambacho ndege zinapita. Huyu si mvukaji, huyu ametandika mkeka barabarani. Na anabeba mchanga, si mayai mawili. Baada ya tukio kampuni ilitangaza kwamba imebadilisha mpangilio ili maputo yake yakae kwa muda mfupi iwezekanavyo kati ya futi 30,000 na 40,000. Mimi naona mabadiliko hayo yanasema wazi tatizo lilikuwa wapi.

Jirani zetu Kenya walikuwa na mfano wa kinyume. Mwezi Julai 2020 kampuni ya Loon, ya ukoo wa Google, ilianza kutoa intaneti huko kwa maputo pamoja na Telkom Kenya. Yale yalikuwa makubwa ya kutisha, kila moja kama uwanja wa tenisi. Ukipima hatari kwa ukubwa ungesema hayo ndiyo ya kukimbia. Lakini yalikaa kilomita 18 hadi 20 juu, ndege ya abiria haifiki huko, yalikuwa na transponda inayotangaza yalipo, na kupanda na kushuka kwake kulipangwa na waongoza ndege. Biashara ilikufa Januari 2021 kwa sababu ya hesabu za fedha, si kwa sababu ya kugongana na mtu.

Hapo nina ugomvi wangu mdogo na kanuni, na nitausema kwa kuwa umeniuliza mimi. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limegawa maputo yasiyo na mtu katika mafungu matatu: mepesi ni yenye mzigo chini ya kilo 4, ya kati kilo 4 hadi chini ya 6, mazito kilo 6 na kuendelea. Mazito yanabanwa kwelikweli: yawe na njia mbili za kukatisha safari, yawe na kitu cha kuakisi rada, na mengine. Hata kamba inapimwa. Ikihitaji nguvu ya nyutoni 230 kuachana na mzigo, sawa na kuning'iniza ndoo ya lita 23 iliyojaa maji, puto linahesabiwa zito hata kama mzigo ni mdogo, kwa sababu kamba ngumu hukwama kwenye bawa badala ya kukatika. Hiyo ni akili nzuri. Kanuni inajua pia kwamba kitu kilichoshikana ni kibaya kuliko kilichotanuka: gramu zaidi ya 13 kwa kila sentimita ya mraba, na unahamia fungu la mazito. Lakini sharti hilo linaanza kuangaliwa kwenye kifurushi cha kilo 2. Chini ya hapo hakuna anayeuliza umefungasha nini. Na hakuna fungu linalouliza utakaa kwenye njia za ndege dakika 12 au siku 12. Kanuni iliandikwa wakati maputo yote yalikuwa yanavuka.

Nisije nikakudanganya kwamba puto la kuvuka halijawahi kuua. Limeua. Tarehe 1 Aprili 1970 ndege ya Aeroflot, Antonov An-24 yenye injini za pangaboi, ilianguka karibu na Novosibirsk muda mfupi baada ya kuruka, wakafa watu wote 45. Wachunguzi walihitimisha kwamba iligonga puto la radiosondi. Vyombo vya enzi hizo vilikuwa vizito kuliko vya leo, na mawasiliano kati ya watu wa hali ya hewa na waongoza ndege hayakuwa haya tuliyonayo. Wenzangu wengi hawapendi kulitaja tukio hili mbele ya abiria. Mimi naona mtu mzima anastahili kulijua, kisha aliweke kando ya mamia ya maelfu ya maputo kwa mwaka, miaka zaidi ya themanini, na apime mwenyewe.

Utauliza, rubani halioni? Halioni, au akiliona amechelewa. Puto likiwa kimo cha safari lina upana wa mita mbili na kidogo. Tuseme jicho zuri limeliona kilomita mbili mbele: kwa mita 235 kwa sekunde zimebaki sekunde nane na nusu. Mafunzo ya marubani yanahesabu sekunde 12.5 kuanzia jicho kuona hadi ndege yenyewe kuanza kugeuka. Rada ya puani mwa ndege imetegwa kwa matone ya mvua na haijali mpira. Kile kifaa kinachopiga kelele ndege mbili zikikaribiana kinasikiliza transponda, na kiboksi cha mayai mawili hakina. Rada nne za kiraia za hapa nchini, Dar es Salaam, KIA, Mwanza na Songwe, zinaongoza ndege zilizojitambulisha. Kwa hiyo ulinzi wetu dhidi ya puto la kawaida ni ule wa kizamani kabisa: muda unaojulikana, mahali panapojulikana, taarifa kwa marubani ambayo wenyewe wanaiita NOTAM, na simu kwa mnara kabla ya kuachia.

Simu hiyo naijua uzito wake. Katika kituo kimoja nilichopita, na sitakitaja, jioni moja mnara ulituruhusu, halafu shingo ya puto ikavuja. Tukafungua, tukajaza upya, zikapita dakika ishirini. Kijana wa zamu akaona ruhusa ni ruhusa, akaachia. Dakika chache baadaye rubani wa ndege ya mizigo aliyekuwa anashuka akauliza redioni ni kitu gani cheupe kimepita ubavuni mwake. Hakikugusa. Lakini mkuu wa zamu nilikuwa mimi, na barua ya kujieleza niliiandika mimi. Tangu siku ile nilibandika karatasi kwenye mlango wa kibanda: ruhusa inaisha baada ya dakika tano, piga tena.

Tuje sasa Dodoma kwako. Kwenye njia yako ya Dar utapanda Q400 au jeti ya A220 ya Air Tanzania, au ATR ya Precision. Q400 haizidi futi 27,000 na ATR haizidi 25,000, kwa hiyo mara nyingi hata hamfiki kimo cha kisa cha Utah. Zile mistari nyeupe unazoziona ukiwa Kongwa asubuhi ni za wakubwa wanaopita tu. Kituo cha kupima anga la juu tunachokizungumzia kipo Dar es Salaam, na Nairobi kuna cha Dagoretti; upepo wa juu wa ukanda wetu si ile mito mikali ya Ulaya inayobeba puto kutoka nchi moja hadi nyingine kwa saa mbili. Uwezekano wa ndege yako kukutana na kiboksi ni mdogo sana, na ikikutana nacho kina gramu mia. Injini kubwa za jeti zinajaribiwa kwa kutupiwa ndege wa manyoya wa hadi kilo 3.65, na zinatakiwa zisiwake moto wala kumwaga vipande nje.

Ukitaka cha kuogopa kwa haki, tazama tumbusi. Mwezi Novemba 1973 tumbusi wa aina ya Rüppell, hao hao wanaozunguka Serengeti wakisubiri mzoga, aligongwa na ndege ya abiria juu ya Abidjan kwa kimo cha futi 37,000. Injini iliharibika, ndege ikatua. Tumbusi ana kilo saba, nane. Kwa ile hesabu yetu ya bodaboda, hizo ni bodaboda saba kwa mpigo. Na uwanja wa Dodoma wa sasa upo katikati ya mji, una majalala na machinjio jirani kama mji wowote, na mwewe hawasomi NOTAM. Ongeza vijana wenye droni za kupiga picha za harusi, ambao wengi hawana habari kwamba droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Hayo ndiyo ningeyauliza kwanza kuhusu uwanja mpya wa ndege wa Msalato.

Jambo moja linanisikitisha katika kelele hizi: sisi hatuna maputo mengi, tuna machache mno. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linataka nchi kavu iwe na kituo cha puto angalau kila kilomita 500, kirushe mara mbili kwa siku. Pima kwenye ramani kutoka Dar hadi Kigoma uone ni vituo vingapi tunadaiwa. Bila vipimo hivyo, mtabiri anayekueleza kama mvua ya Desemba itashika Kongwa au itakukimbia anatazama anga kwa jicho moja, na rubani anayekwepa wingu la radi juu ya Mpwapwa anapewa upepo wa kukisia. Hilo wingu la radi, na mvua ya mawe iliyomo, limeshapasua vioo vya ndege vingi kuliko puto lolote. Kwa hiyo vituo vikiongezeka, na naomba viongezeke, usishtuke. Uliza tu kama wanapiga simu mnarani.

Sasa kiboksi cha mjomba. Kutokana na ulivyoeleza, na Ruvu ilivyo magharibi ya Dar, karibu hakika ni radiosondi iliyomaliza safari. Hailipuki, haina sumu ya kumdhuru mtu aliyeishika, haimrekodi mtu. Atoe betri, mbili ndogo kama za rimoti, asizitupe motoni. Mpira uliochanika asiuache zizini, mbuzi hutafuna kila kitu na utamziba utumbo. Uzi nao auviringishe, kuku wananaswa miguu. Siku nyingine wakikuta puto halijapasuka, bado lina gesi, wasilisogelee na sigara wala jiko, wafungue shingo mahali pa wazi waiache gesi iondoke. Namba iliyoandikwa ubavuni awasomee watu wa hali ya hewa kwa simu, watafurahi kujua kilifika wapi. Na wewe ukienda kumtembelea, kichukue kiboksi hicho ukakiweke kwenye mizani yako ya karanga. Kama ni ile ya kilo mia, mshale hautatikisika.